Anakunywa maji usiku kucha, anakojoa kitandani: Kabla hujamwita kikojozi, mpime sukari

USIKU wa Februari 16, 2011, mabomu yalilipuka katika maghala ya silaha ya kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa na maelfu wakakimbia nyumba zao. Wapo waliolala Uwanja wa Uhuru, wapo waliopotezana na watoto wao gizani.

Katika usiku wa namna ile, mzazi hufanya mambo ambayo siku nyingine asingeyaweza. Hubeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, hukimbia pekupeku kilomita kadhaa, na kidonda cha unyayo hukiona asubuhi. Usingizi hupotea, njaa hupotea, na hata aliyekuwa anaumwa mgongo huusahau kwa saa kadhaa.

Nguvu hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, moja kila upande. Ubongo ukishasikia hatari, tezi hizo humwaga kwenye damu kitu kinachoitwa adrenalini. Ndani ya sekunde chache moyo unakwenda mbio, njia za hewa zinapanuka, damu inapelekwa kwa wingi kwenye misuli ya miguu, na ini linafungua akiba yake ya sukari ili misuli ipate nishati ya kukimbilia. Dakika chache baadaye tezi hizo hizo huongeza kortisoli, ambayo huendelea kuushikilia mwili katika hali ya tahadhari kwa saa nyingi.

Adrenalini na kortisoli ni homoni. Hizo hujitangaza zenyewe, maana kila mtu huusikia moyo wake ukidunda. Lakini zipo homoni zinazofanya kazi kimya kimya kila siku, na zikikosekana hakuna mlipuko wa kumwamsha jirani. Mojawapo ni insulini. Kwa mtoto, kukosekana kwake kunaweza kumaanisha kifo ndani ya wiki chache, huku familia ikidhani ni malaria, minyoo, UTI au mkono wa mtu.

Homoni ni nini hasa

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, kisha inaingia kwenye damu na kusafiri hadi kiungo kingine kupeleka maagizo. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 1905, kupitia mwanasayansi wa Uingereza, Ernest Starling, na asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea au kuamsha.

Si kila kiungo husikiliza kila homoni. Ni kama tangazo la msikitini au kanisani kuhusu kikao cha kina mama: sauti inafika kila nyumba, lakini wanaonyanyuka ni wale waliokusudiwa. Homoni nayo hupita mwili mzima, lakini hufanya kazi kwenye chembe hai zenye kipokeo chake tu.

Tezi kubwa ambazo mzazi anapaswa kuzifahamu ni hizi:

Pituitari: Ipo chini ya ubongo, ukubwa wake kama punje ya choroko au njegere. Ndiyo inayosimamia tezi nyingine nyingi, na ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji wa mtoto, ambayo hutolewa kwa wingi akiwa amelala usingizi mzito.

Thairoidi: Ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Hupanga kasi ya mwili, yaani joto, mapigo ya moyo, choo, na kwa mtoto mchanga ukuaji wa ubongo.

Adrenali: Ndizo zile mbili za juu ya figo.

Kongosho: Limejificha nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa insulini, inayoshusha sukari kwenye damu, na glukagoni, inayoipandisha.

Ovari na korodani: Hutoa homoni zinazomgeuza mtoto kuwa kijana, na baadaye kuhusika na uzazi.

Boya la simtanki

Mwili hujuaje kiasi cha homoni kinachotosha? Wenye simtanki nyumbani wanaelewa haraka. Ndani ya tanki kuna boya. Maji yakipungua boya linashuka na koki inafunguka. Maji yakijaa boya linapanda na koki inafunga yenyewe. Hakuna anayesimama pale kuangalia.

Homoni nyingi zinaendeshwa hivyo hivyo. Mtoto akila ugali na maharage mchana, sukari inapanda kwenye damu, kongosho linaona na kutoa insulini. Sukari ikishaingia kwenye misuli na ini na kushuka kwenye damu, insulini nayo inapungua. Akilala bila kula, sukari inaelekea kushuka, glukagoni inaliambia ini litoe akiba. Kwa mtu mwenye afya, sukari ya asubuhi kabla ya kula hukaa kati ya 4 na 6 hivi kwenye kipimo, leo na kesho.

Magonjwa ya homoni karibu yote ni boya lililoharibika. Ama homoni imezidi, ama imepungua, ama ipo ya kutosha lakini mwili haiisikii.

Konda asipokuja kazini

Kisukari cha watoto wengi ni tofauti na kile cha babu au shangazi. Kisukari cha watu wazima, kinachoitwa aina ya pili, mara nyingi huanza taratibu: insulini ipo, lakini mwili haiisikii vizuri, na uzito mkubwa na kutofanya mazoezi huchangia. Cha watoto, aina ya kwanza, hutokea pale kinga ya mwili inapokosea na kuzishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, hadi zinakwisha.

Kwa hiyo mtoto hakukipata kwa sababu alikula pipi nyingi, wala kwa sababu mama alikunywa soda akiwa mjamzito. Hakuna mzazi anayekisababisha, na hakiambukizi.

Ili kuelewa kinachotokea, fikiria kituo cha daladala cha Gongo la Mboto asubuhi. Abiria ni sukari, daladala ni chembe za mwili, na insulini ni konda anayefungua mlango. Siku konda asipokuwepo, abiria wanajazana kituoni na daladala zinapita tupu. Ndivyo ilivyo: damu imejaa sukari, lakini misuli inalia njaa.

Figo zinaona sukari imefurika na kuanza kuimwaga kwenye mkojo. Sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Mtoto anakojoa sana, anakauka, anapata kiu, anakunywa, anakojoa tena. Kwa kuwa misuli haipati sukari, mwili unaanza kuchoma mafuta na kula nyama yake wenyewe, na mtoto anakonda hata kama anakula kuliko zamani.

Mafuta yanapochomwa kwa wingi namna hiyo hutoa asidi zinazoitwa ketoni. Zikijaa kwenye damu mtoto anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kasi na kwa kina, pumzi inatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Kisha anasinzia, na asipotibiwa anapoteza fahamu. Hatua hiyo ni dharura, sawa na ajali ya barabarani.

Jinsi inavyopita bila kuonekana

Chukua mfano wa mama anayeuza vitumbua Ulongoni. Kijana wake yuko darasa la tatu na aliacha kukojoa kitandani akiwa na miaka minne. Ghafla ameanza tena. Kaka zake wanamcheka. Mama anamwamsha usiku, lakini kila akimwamsha anamkuta ameshalowa, na ndoo ya maji ya kunywa imeshuka.

Jirani anamwambia, "Shoga, huyo ana minyoo. Mbona anakula hivyo na hanenepi?" Anapewa dawa ya minyoo. Wiki inapita. Bibi yake akipigiwa simu anasema, "Mwanangu, huyo mtoto amechezewa, mlete huku kijijini." Mwalimu analalamika kwamba kila kipindi anaomba ruhusa ya kwenda chooni, na amemkatalia.

Mama anampeleka duka la dawa. Anaelezea kukojoa mara kwa mara, anapewa dawa ya UTI. Siku tatu baadaye mtoto anatapika na amelegea. Baba ananunua glukosi ya unga dukani ili apate nguvu. Mtoto anazidi kulegea.

Zahanati ya kwanza inapima malaria, haionekani, lakini kwa kuwa anapumua haraka anaandikiwa dawa ya nimonia. Ya pili kuna muuguzi wa zamu anayeuliza swali moja la ziada.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba mama. Pole. Kabla hajaanza kutapika, alikuwa anakojoa vipi?"

"Ee nesi, hapo ndipo penyewe. Usiku hata mara sita. Na maji anakunywa kama mtu aliyetoka shamba."

"Amekonda?"

"Sare ya shule inamvuka."

Muuguzi anatoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kijiti cha mashine ya sukari. Baada ya sekunde chache mashine haitoi namba, inaandika tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Gari la wagonjwa linaitwa.

Mama wa mfano huu hakuzembea. Alihangaika kila siku, alitumia pesa, aliwasikiliza watu. Kilichokosekana muda wote ule ni tone moja la damu ya kidoleni.

K nne za kukumbuka

Mzazi anaweza kuzikumbuka dalili kwa herufi moja:

Kiu: Anakunywa maji kupita kawaida, hata usiku wa manane.

Kukojoa: Anakwenda chooni mara nyingi, au ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Kwa mtoto mchanga, nepi inakuwa nzito na kulowa kuliko zamani. Wengine huona sisimizi wakijaa pale alipokojoa.

Kukonda: Nguo zinamvuka ingawa anakula.

Kuchoka: Hachezi, analala darasani, anakasirika haraka.

Si kila kikojozi ana kisukari. Watoto wengi wenye afya hukojoa kitandani hata baada ya kufikisha miaka mitano, na hukua wakaacha. Linalotakiwa kumshtua mzazi ni badiliko: aliyekuwa mkavu ameanza kulowa, na kiu imeongezeka.

Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizi apimwe sukari siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Mtoto anayetapika, anayepumua kwa kina na haraka, au anayesinzia apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Asipewe glukosi, soda wala juisi kwa lengo la kumpa nguvu kabla ya kupimwa, maana kama ni kisukari kipya itakuwa ni kuongeza abiria kwenye kituo kilichofurika.

Omba kipimo kwa jina

Kipimo chenyewe ni kidogo: tone la damu ya kidole na majibu ndani ya dakika. Hakihitaji maabara kubwa. Kama zahanati ya karibu haina vijiti vya kupimia siku hiyo, nenda nyingine, usisubiri viletwe.

Mzazi ana haki ya kusema wazi: "Daktari, naomba mtoto apimwe na sukari." Hiyo si dharau kwa mtaalamu. Watoto wengi wanaofika kituoni wana homa, na macho ya kila mtu huenda kwenye malaria kwanza. Kutapika na maumivu ya tumbo hufanana na kidole tumbo, kupumua haraka hufanana na nimonia, kukojoa hufanana na UTI. Sentensi ya mzazi ndiyo inayoweza kuelekeza kipimo.

Mtoto mwenye dalili ambaye sukari yake ni 11.1 au zaidi, wakati wowote wa siku, anahesabiwa kuwa na kisukari na anatakiwa kufikishwa hospitali bila kurudi nyumbani kwanza. Kwa wakazi wa Gongo la Mboto, Ukonga, Pugu na Majohe, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Amana, Ilala. Kutoka hapo anaweza kuelekezwa Hospitali ya Taifa Muhimbili ikibidi.

Baada ya majibu

Wazazi wengi wakisikia insulini hulia, kwa sababu jibu ni la maisha yote. Ni haki yao kulia. Lakini inafaa kujua mambo yalivyokuwa kabla yake.

Hadi mwaka 1921 mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na tiba. Aliwekewa chakula kidogo sana, akaishi miezi au mwaka mmoja au miwili, akafariki. Mwaka huo Frederick Banting na Charles Best, wakiwa Toronto, Canada, walifanikiwa kuipata insulini kutoka kwenye kongosho la wanyama. Januari 11, 1922 alichomwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Aliishi miaka 13 zaidi. Siku ya Kisukari Duniani huadhimishwa Novemba 14 kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa Banting.

Hapa Dar es Salaam, madaktari wa Muhimbili wakiwemo Donald McLarty na Andrew Swai walifuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 wapya wa kisukari kati ya 1981 na 1987, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990 katika jarida la British Medical Journal. Miongoni mwa vilivyowaua waliohitaji insulini ni ile ile sumu ya ketoni na maambukizi, yaani mambo yanayozuilika sukari ikidhibitiwa.

Leo zipo kliniki za watoto wenye kisukari, Muhimbili ikiwemo, na kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Chama cha Kisukari Tanzania na wafadhili, watoto wengi hupata insulini na vifaa bila malipo. Mzazi amuulize daktari kuhusu mpango huo siku ile ile mtoto anapogundulika.

Mambo ambayo familia hujifunza mapema ni haya:

Insulini ni sindano, si kidonge. Ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyofanya kwa nyama. Mtoto huchomwa mara kadhaa kwa siku, kwenye tumbo, paja au mkono, kwa sindano fupi na nyembamba.

Haiachwi hata siku moja. Mtoto akiugua homa na kukosa hamu ya kula, bado anahitaji insulini. Mpigie daktari simu akuelekeze kiasi. Wapo waliopoteza watoto baada ya kuambiwa dawa fulani ya mitishamba imeshamponya. Dua na maombi havigombani na sindano. Mtoto aombewe huku anachomwa.

Haipendi joto wala barafu. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje wiki nne hivi, mahali penye ubaridi pasipo na jua. Kwa nyumba isiyo na friji, au umeme unaokatika, mtungi wa udongo hufaa: weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie maji, kisha weka dawa ndani ya chungu kidogo na uifunike. Ubaridi ule ule unaopoza maji ya mtungini hulinda dawa.

Sukari inaweza kushuka. Mtoto anayetumia insulini akianza kutetemeka, kutoka jasho, kuongea ovyo au kulia bila sababu, huenda sukari imeshuka mno. Huyu ndiye wa kupewa sukari haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi, kisha chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, maana kitampalia. Apakwe sukari iliyolowanishwa kidogo au asali ndani ya shavu na akimbizwe hospitali.

Shule lazima ijue. Mwalimu wa darasa aelezwe kwamba mtoto huyu akiomba kwenda chooni au kunywa maji aruhusiwe, na kwamba akianza kutetemeka apewe kitu kitamu kwanza, maswali baadaye. Barua fupi ya daktari husaidia.

Homoni nyingine mbili zilizomo jikoni na kwenye kabati

Ya kwanza iko kwenye kopo la chumvi. Tezi ya thairoidi haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini joto, na madini hayo huisha kwenye udongo wa milimani unaooshwa na mvua. Ndiyo maana kwa miaka mingi rovu, ule uvimbe wa shingo, ulikuwa jambo la kawaida kwenye nyanda za juu kusini, Iringa na Mbeya kwa mfano. Tezi huvimba kwa kujitahidi kukamata kidogo kilichopo. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilianza kuweka sheria ya chumvi yote ya kula kuongezwa madini joto, na rovu likapungua sana.

Watu wa Pwani hudhani hilo haliwahusu kwa kuwa wako baharini. Linawahusu. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kipimo, ikitoka moja kwa moja kwenye mashamba ya chumvi bila kuongezwa madini, haina kiasi cha kutosha. Mjamzito anahitaji madini joto mengi kuliko mtu mwingine, maikrogramu 250 kwa siku dhidi ya 150 za mtu mzima wa kawaida, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni unayategemea. Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na moshi, jua na unyevu, na itie chakula kikikaribia kuiva. Hakuna haja ya kuongeza wingi wa chumvi.

Mtoto mchanga ambaye thairoidi yake haifanyi kazi huwa mpole kupita kiasi: analala mno, ananyonya kivivu, anapata choo kigumu, macho yanabaki na unjano kwa wiki nyingi, ulimi unaonekana mkubwa. Majirani humsifu kwamba hasumbui. Apelekwe akapimwe, maana kidonge kimoja kwa siku kikianza mapema kinaokoa akili yake.

Ya pili iko kwenye kabati la vipodozi. Krimu nyingi za mkorogo, na baadhi ya krimu zinazouzwa kama dawa ya vipele, zina steroidi kali zinazoiga kortisoli. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na hupitisha dawa kwa urahisi. Akipakwa kila siku kwa wiki nyingi, tezi zake za juu ya figo huona kortisoli imejaa, boya linapanda, nazo zinaacha kufanya kazi. Mtoto anavimba uso ukawa wa duara, ananenepa kiwiliwili, anaacha kurefuka, na siku akiugua mwili wake unakosa kortisoli ya kupambana.

Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo linalosimamia vipodozi. Hata hivyo bado vinapatikana. Mtoto mwenye vipele vya joto au ukurutu asipakwe krimu ya mama, wala krimu yoyote ambayo haikuandikwa na mtaalamu baada ya kumwona. Na kama ameshatumia kwa muda mrefu, isisimamishwe ghafla nyumbani. Apelekwe kwa daktari ampangie namna ya kuipunguza.

Leo usiku

Kuna jambo moja ambalo mzazi anaweza kulifanya leo bila gharama. Mtoto akishalala, jiulize: wiki hizi mbili kiu yake ikoje, anakojoa vipi, nguo zinamtosha kama mwezi uliopita, anacheza kama zamani? Kama yote yako sawa, lala. Kama K hata moja imebadilika, kesho asubuhi kabla ya shule pitia zahanati, kaa foleni, na ikifika zamu yako utaje kipimo kwa jina.

*Safu hii hutolewa kila wiki kwa ajili ya elimu ya familia na haichukui nafasi ya daktari. Wiki ijayo: Binti amevunja ungo akiwa na miaka minane, je, ni mapema mno?*